Kabla ya Kushusha Gia Boksi ya Benzi ya Mtumba

Jirani yangu wa Tabata alinunua gia boksi mbili kwa gari moja. Ya kwanza ilikuja na gari lenyewe, C200 Kompressor ya 2005 iliyotoka Japani. Ya pili aliinunua mtumba baada ya fundi kumwambia ya kwanza imekufa. Ikafungwa, gari likaenda vizuri siku nne, ya tano likagoma vilevile: likang'ang'ania gia ya pili na injini ikawa inalia kama bodaboda yenye mzigo. Kilichokuwa kinaliumiza ni oili iliyopanda na nyaya mpaka kwenye kompyuta ya gia. Ile gia boksi ya kwanza, nzima kabisa, ilishauzwa chuma chakavu.

Ninayoandika hapa ni mpangilio wa kupima, kuanzia vitu vya bei ndogo vilivyo nje hadi vya bei kubwa vilivyo ndani. Unafaa kwa anayetaka kununua na kwa ambaye gari lake limeanza visa. Nitajikita kwenye Benzi za gia 5, kwa sababu ndizo nyingi mitaani na ndizo zinazosingiziwa zaidi. Mwishoni nitagusa BMW kidogo.

Hatua ya 1: Jua una gia boksi gani

Kusema "ni otomatiki" hakutoshi. Gia boksi yenye namba 722.6 ina gia 5 na ilianza kufungwa mwaka 1996. Utaikuta kwenye E-Class za W210, kwenye ML ya kwanza, kwenye E-Class nyingi za awali za W211, kwenye W203 nyingi (C-Class ya 2000 hadi 2007) na hata kwenye W204 (C-Class iliyofuata) za mwanzo zenye silinda nne. 722.9, ile inayoitwa 7G-Tronic, ilianza 2003 na ina gia 7. W203 za mwisho mwisho zenye injini ya V6 zina hiyo ya gia 7, kwa hiyo usikisie kwa kuangalia umbo la gari. Chukua namba ya chesisi, mpe muuza spea anayejua Benzi, atakuambia.

Tofauti yake ni kubwa kwenye kupima. Kwenye 722.6 kompyuta ya gia ipo mbali, nje ya gia boksi, na inaunganishwa kwa nyaya. Kwenye 722.9 kompyuta imekaa ndani, kwenye oili ya moto, na ukiibadilisha lazima ifundishwe gari lako kwa mashine. Fundi anayezungumzia hizi mbili kama kitu kimoja, muulize maswali mengi kabla hujampa funguo.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo W203 unayoikuta Nairobi leo imeshakaa barabarani hapa miaka mingi na kupita mikono kadhaa. Usitegemee kitabu cha huduma cha Japani kukueleza hali ya oili ya sasa.

Hatua ya 2: Likute gari limelala

Gari la otomatiki lipimwe likiwa la baridi. Kama ni la kununua, mwambie muuzaji utafika saa 12 asubuhi na asiliwashe. Ukifika, kabla ya salamu kuisha weka kiganja kwenye boneti. Mimi niliwahi kufika saa 1 nikakuta boneti ya moto, muuzaji akaniambia alilitoa tu kulisogeza. Nililiendesha, likaenda kama siagi. Nikaomba nirudi kesho yake mapema zaidi, na siku hiyo ndipo nilipoona: niliweka R, nikahesabu moja, mbili, tatu, nne, ndipo gari likashtuka na kurudi nyuma.

Fanya hivi. Washa, acha injini itulie. Kanyaga breki, toa P weka R. Gia iingie ndani ya sekunde moja hivi, kwa mguso mdogo unaousikia kwenye kiti. Rudisha N, weka D, sikiliza tena. Andika unachokiona, usitegemee kumbukumbu:

- Inachelewa asubuhi tu kisha inakuwa nzuri: oili pungufu, oili iliyochoka, au sili za ndani zilizokakamaa. Anza na oili.
- Inachelewa baridi na moto: tatizo limekomaa, ila bado oili ndiyo ya kwanza kuangaliwa.
- Inaingia kwa kishindo: inaweza kuwa gia boksi, lakini nitaeleza baadaye kwa nini mara nyingi siyo.
- Lever haitoki P kabisa: hapo gia boksi haihusiki. Ruka hadi hatua ya 7.

Hatua ya 3: Oili, kiwango chake na harufu yake

Wengi hukwama hapa, kwa sababu 722.6 haina kijiti cha kupimia. Kuna bomba lake nyuma ya injini lenye kifuniko, lakini ukifungua ndani hamna kitu. Kijiti ni kifaa cha gereji, kinanunuliwa peke yake, kirefu na chembamba. Kina alama za viwango viwili vya joto: nyuzi 25 na nyuzi 80. Ya kuaminika ni ya 80. Gari liwe sehemu tambarare, injini ikiunguruma, lever iwe P, oili iwe imeshapata moto wa kuendesha dakika ishirini au zaidi. Kifute kijiti kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, usikifute kwa pamba ya godoro. Uzi mmoja ukiingia kwenye valvu utautafuta kwa gharama.

Alama ya 25 ina faida moja kwetu. Dar es Salaam alfajiri, oili ya gari lililolala ipo karibu na joto hilo, kwa hiyo ukiwasha na kupima haraka unapata picha ya awali. Usiongeze oili kwa kipimo hicho. Ni cha kujua tu kama una robo au una lita mbili pungufu.

Oili ikizidi ni mbaya kama ikipungua: vyuma vinavyozunguka vinaipiga inatoa povu, na povu halisukumi klachi zilizomo ndani ya gia boksi. Nimeona watu wakiongeza "nusu lita ya akiba". Kwenye gia boksi hakuna akiba.

Sasa dondoshea tone kwenye tishu nyeupe, ulitazame juani.

Nyekundu au kahawia ya kung'aa, isiyo na harufu kali: endelea na hatua zinazofuata kwa moyo mwepesi. Nyeusi yenye harufu ya kuungua, mithili ya breki zilizoshikiliwa kuteremka mlima Kitonga: klachi za ndani zimeliwa, na hata ukibadilisha oili leo, zilizoliwa hazirudi. Pinki iliyochanganyika na weupe, kama maziwa ya stroberi: simama hapo hapo, zima injini.

Hiyo ya mwisho niieleze, maana inaua gia boksi nzima kimyakimya. Oili ya gia hupozwa ndani ya rejeta, kwenye kibomba kilichozungukwa na maji ya kupoza injini. Rejeta za baadhi ya W203 za miaka ya mwanzo zilipasuka kwa ndani, maji yenye koolanti yakaingia kwenye oili. Gari haliachi kutembea siku hiyo. Koolanti inavimbisha na kubandua bitana za klachi taratibu, na dalili ya kwanza huwa mtikisiko mdogo kwenye mwendo wa kawaida, kama gari linapita juu ya matuta ya kokoto wakati lami ni safi. Watu hubadilisha plagi, koili, matairi, kumbe ni maji. Ukikuta pinki hiyo, kwanza rejeta mpya, kisha kusafisha oili yote pamoja na iliyomo kwenye toki konveta (chungu cha oili kinachounganisha injini na gia boksi), kurudia zaidi ya mara moja, na bado ujiandae kisaikolojia. Kama unanunua gari, shukuru, uage.

Kuhusu aina ya oili: Benzi wanaandika kwa namba zao. Kwa 722.6 tafuta chupa iliyoandikwa MB 236.14 au ya zamani ya 236.10. "Hii nyekundu inaingia gari zote" ni maneno ya muuza duka. Oili nyingi za gia za otomatiki hupakwa rangi hiyo nyekundu, ila msuguano wake haulingani.

Hatua ya 4: Piga kompyuta, usome kwa akili

Mashine ndogo ya bei nafuu inayochomekwa chini ya usukani itakupa P0700. Maana ya P0700 ni kwamba kompyuta ya gia ina jambo imelihifadhi. Yenyewe haijakuambia jambo gani. Fundi akikuonyesha P0700 na kusema gia boksi imekufa, ni sawa na daktari akuambie una homa kwa hiyo ukatwe mguu. Unahitaji mashine inayoingia kwenye kompyuta ya gia yenyewe, ambayo gereji nyingi zinazoshughulika na Benzi wanayo.

Namba zinazokuja mara nyingi: P0715 ni sensa ya mzunguko unaoingia gia boksi. P0730 ni uwiano wa gia usiolingana, yaani kompyuta imeamuru gia fulani na mizunguko inayorudi haifanani nayo. P0741 inahusu klachi ya toki konveta. Kwenye mashine za Benzi utakuta pia P2200 kwa sensa inayoitwa n2, na P2502 ikiashiria gia kuteleza.

Angalizo: P0730 na P2502 zinaweza kutoka kwa klachi iliyokwisha, na zinaweza kutoka kwa sensa inayodanganya. Kompyuta haioni klachi. Inasoma namba za sensa mbili za mzunguko ndani ya gia boksi, n2 na n3, inapiga hesabu. Sensa ikikata kwa sekunde moja, hesabu inavurugika na gari linatangaza linateleza hata kama halijateleza.

Andika namba zote, zifute, endesha, soma tena. Zinazorudi ndizo za kufanyia kazi. Na kabla ya hapo pima betri: chini ya volti 12.4 gari likiwa limezimwa, ichaji kwanza, kisha injini ikiunguruma iwe kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Umeme ukishuka wakati wa kuwasha, kompyuta hizi huandika hitilafu ambazo hazipo.

Kuna kijisiri cha 722.6 kinachochanganya hata mafundi wazuri. Sensa ya joto la oili imeungwa kwenye waya mmoja na swichi inayozuia gari kuwashwa likiwa kwenye gia. Kwa hiyo lever ikiwa P au N, joto unaloliona kwenye mashine si la oili ya gia. Kanyaga breki, weka D au R, ndipo usome. Nimeshuhudia mtu akiambiwa sensa ya joto imekufa kwa sababu tu lever ilikuwa P.

Hatua ya 5: Soketi ya pini 13

Kama ungefanya hatua moja tu kati ya zote, ingekuwa hii.

Nyaya zote za umeme za 722.6 zinaingia kupitia plagi moja ya duara yenye pini 13, upande wa kulia wa gia boksi, mbele, juu kidogo ya sampu (beseni la oili chini ya gia boksi). Plagi inakaa kwenye kikombe cha plastiki, na kikombe kinazibwa na oringi mbili za raba. Baada ya miaka mingi ya joto raba hukakamaa, oili ikaanza kupenya. Inayodondoka chini ni afadhali, maana utaiona kwenye sakafu. Mbaya ni ile inayoingia ndani ya plagi na kupanda katikati ya nyuzi za shaba, kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa koroboi. Inapanda mita kadhaa mpaka inatokea kwenye kompyuta. Hicho ndicho kilichompata jirani: gia boksi ilibadilishwa, utambi ukabaki palepale.

Namna ya kuangalia:

Zima gari, acha lipoe, toa funguo, kisha ondoa waya wa hasi wa betri. Ingia kwenye shimo chini ya gari au inua gari uliwekee stendi. Jeki peke yake haimlindi mtu aliye chini. Tafuta plagi, ondoa kikinga joto kama kipo. Izungushe kola yake kinyume na saa, robo mzunguko, uivute moja kwa moja bila kuiyumbisha. Chukua tishu nyeupe, iguse ndani ya plagi na juu ya pini. Tishu ikitoka kavu, rudishia. Ikitoka na unyevu mwekundu, umepata jambo.

Usiishie hapo. Nenda kwenye kompyuta ya gia upande wa pili wa nyaya (mahali pake panatofautiana kwa modeli, fuata mchoro wa gari lako), chomoa soketi yake, iguse kwa tishu vilevile. Ikiwa kavu, una bahati: badilisha kikombe na oringi zake, safisha pini kwa dawa ya kupulizia ya kusafishia koneksheni, ikauke, funga. Kikombe kinashikwa na boliti moja ndogo. Bei yake ni ndogo mno, na fundi mwepesi anamaliza ndani ya nusu saa. Kikivutwa oili kidogo itamwagika, kwa hiyo weka beseni na ukumbuke kupima kiwango upya.

Ikiwa kompyuta nayo imelowa, safisha kwa subira, mara mbili au tatu kwa siku tofauti, maana nyaya zitaendelea kutema oili iliyobaki ndani yake. Kompyuta nyingi hupona. Zisizopona zinatafutwa mtumba, lakini ya mtumba lazima ilingane na gari na ifanyiwe programu, siyo kuchomeka na kuondoka.

Hatua ya 6: Barabarani

Chagua njia yenye foleni, mlima na nafasi ya kutulia kwenye mwendo. Kwa Dar mimi hupita Kimara hadi Kibaha na kurudi. Zima redio na AC. Mtu wa pili akae na karatasi.

Kwanza angalia kitufe cha mtindo wa kuendesha karibu na lever. Kikiwa S, gari linaanza na gia ya kwanza. Kikiwa W au C, linaanza na ya pili, tena hata R inabadilika, kwani gia boksi hii ina gia mbili za nyuma. Wapo waliouziwa hofu kwamba "namba moja haipo" wakati kitufe kilikuwa kwenye C.

Ondoka taratibu, mguu mwepesi, uhesabu gia zinavyopanda. Tazama mshale wa RPM kila gia inapobadilika: unatakiwa kushuka. Ukipanda ghafla kwanza, injini ikapiga kelele bila gari kuvuta, kisha gia ikaingia, huko ndiko kuteleza. Andika ni kati ya gia ipi na ipi, na oili ilikuwa ya baridi au ya moto. Kuteleza sehemu moja tu kunaelekeza kwenye klachi au valvu fulani. Kuteleza kila mahali kunarudisha mawazo kwenye oili na shinikizo lake.

Ukifika barabara iliyotulia, shika kilomita 70 hadi 90 kwa saa kwa mguu mwepesi kabisa. Hapo ndipo mtikisiko wa toki konveta unapojitokeza. Ongeza mafuta kidogo sana: ukipotea mara tu ukikanyaga zaidi, au ukigusa breki kwa mguu wa kushoto kidogo tu, toki konveta ni mshukiwa. Usipopotea, tafuta kwenye plagi za injini na matairi.

Mlimani, kanyaga mpaka chini mara moja. Gia zishuke na gari livute. Usifanye ule mchezo wa kushika breki na kukanyaga mafuta mpaka mwisho gari likiwa limesimama, ili eti "kupima klachi". Oili inachemka ndani ya sekunde chache, na gari la mtu likifia mikononi mwako utalinunua.

Sasa, gari likikwama gia moja ukiwa njiani. Hii ni hali ya dharura: kompyuta imeona jambo isilolielewa, imejitoa. Egesha pembeni, weka P, zima, subiri angalau sekunde 10, washa. Gari likirudi kawaida na gia zote zipo, hitilafu inakuja na kuondoka, na uwezekano mkubwa ni wa umeme. Likibaki na gia ya pili na R tu, hitilafu ipo muda huo huo. Utaweza kulifikisha nyumbani polepole. Likiwa zima asubuhi na kuanza visa baada ya nusu saa ya joto, kisha likapoa na kupona, nashuku kondakta pleti, ile sahani ya umeme ndani ya sampu inayobeba sensa n2 na n3. Sensa hizo zina tabia ya kufa zikiwa za moto na kufufuka zikipoa. Kuibadilisha kunahitaji kufungua sampu na kushusha valvu bodi, ile sehemu yenye valvu zinazoelekeza oili. Gia boksi inabaki kwenye gari.

Likigoma kabisa, afadhali libebwe. Likilazimika kuvutwa magurudumu yakiwa chini, liwe N, lisizidi kilomita 50 kwa saa wala umbali wa kilomita 50, kwa sababu pampu ya oili inaendeshwa na injini na injini ikizima hakuna kinacholainisha.

Hatua ya 7: Wanaosingizia gia boksi

Lever haitoki P: tazama taa za breki kwanza. Mtu akanyage, wewe ukae nyuma. Zisipowaka, au taa ya ESP (mfumo wa kuzuia gari kuteleza barabarani) imewaka pia kwenye dashibodi, swichi ya breki imekufa. Ni kitu kidogo juu ya kanyagio. Zikiwaka na lever bado ngumu, kwenye W203 kuna kiplastiki ndani ya lever chenye tabia ya kuvunjika. Na kama mwenye gari ni mpenzi wa soda, ulizia kama iliwahi kumwagika hapo kati. Chini ya kile kifuniko cha lever kuna umeme, na sukari ikikauka juu yake inaleta vituko vya kila aina.

Kishindo unapoweka R au D: angalia mauntingi (raba zinazoshikilia) za injini na ya gia boksi, halafu raba za propela, mtaimbo unaopeleka nguvu nyuma, zile za duara zenye matundu sita. Zikipasuka, gari linagonga kila gia inapoingia, na fundi asiyeinama chini atakuambia ni valvu bodi. Ingia chini na tochi, utaona nyufa kwa macho.

Gari zito, halibadilishi gia kwa wakati: injini yenye silinda isiyochoma sawasawa, au sensa ya hewa iliyochafuka, inaidanganya kompyuta ya gia kuhusu mzigo. Gia boksi inabadilisha vibaya kwa sababu imepewa taarifa mbaya. Tengeneza injini kwanza.

Hatua ya 8: Kufungua sampu, na uamuzi

Umefika hapa, nje pote pazima, na dalili bado zipo. Fungua sampu, siyo gia boksi. Humo kuna sumaku. Tope laini la kijivu juu yake ni la kawaida kwa gari la umri huo. Vipande vya chuma unavyovisikia kwa vidole, au magamba meusi ya klachi yamejaa kwenye filta, hiyo ndiyo hukumu ya kweli, na sasa mazungumzo ya kushusha gia boksi ni halali. Piga picha.

Sampu ikiwa safi: filta mpya, gasketi mpya, oili sahihi, na kondakta pleti kama namba za sensa zilikuwa zinarudi. Kushusha sampu kunatoa takriban nusu tu ya oili yote, nyingine imo kwenye toki konveta, kwa hiyo watu makini hurudia baada ya kilomita chache.

Utasikia kwamba oili hii "imewekwa ya maisha". Ni kweli yaliandikwa hivyo kwa magari haya. Hata hivyo kampuni ya ZF, iliyotengeneza gia boksi nyingi za gia 6 zilizo kwenye BMW E90 (3 Series) na wenzake, inashauri yenyewe kubadilisha oili kati ya kilomita 80,000 na 120,000, ingawa mwenye BMW huambiwa haina haja. Kwenye hizo BMW sampu ni ya plastiki na filta imo humo humo, kwa hiyo vinabadilishwa pamoja. Kiwango hupimwa kwa tundu la pembeni, oili ikiwa kati ya nyuzi 30 na 50, injini ikiunguruma. Nazo zina soketi yao inayovuja, bomba fupi la plastiki linaloshika plagi, na dalili zake ukizisoma utadhani ninarudia ya Benzi.

Ukilazimika kununua gia boksi ya mtumba, iwe Ilala au popote, nenda na namba kamili iliyogongwa ubavuni mwa ile ya zamani, siyo "ya C-Class". Nusa oili iliyobaki ndani. Ingiza kidole penye tundu la plagi: kama kikombe kimelowa, dai kipya. Hata kama ni kikavu, weka kipya, maana gia boksi ikiwa chini kazi hiyo ni ya dakika tano. Kubaliana kwa maandishi siku ngapi za kurudisha, na ile ya zamani ondoka nayo. Usimwachie fundi mpaka mpya imetembea mwezi.

Mwezi ukiisha, rudi chini ya gari na tishu yako nyeupe, fungua plagi ya pini 13, iguse tena.